Neno Kutoka Soko la Samaki

Jumatatu, 6 Oktoba
Bahizire kaniita debe tupu. Mbele ya watu, kwenye mazoezi ya kwaya! Wote wakacheka, hata mke wangu Adolphine. Na Jumapili kanisa letu huku ughaibuni, Whitehall, linachagua mwenyekiti wa jumuiya ya Wakongomani: mimi au yeye. Nikimrudishia tusi, nimekwisha. Lazima nimjibu kisomi.

Jumatano, 8 Oktoba
Binti yangu Séphora, ambaye hunijibu Kiingereza hata nikimwita kula, kanitafutia neno kwenye simu yake. Billingsgate. Maana yake lugha ya matusi. Asili yake soko la samaki la London: wanawake waliouza pale walikuwa na midomo michafu mpaka jina la soko likawa jina la matusi. Tamu kweli! Bahizire ana Kifaransa tu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimefanya mazoezi ya neno langu kazini, kati ya maboksi. Msimamizi kauliza kama naumwa. Séphora anadai siku hizi halitumiki. Ndiyo uzuri wake! Adolphine kaomba asikilize hotuba yangu kwanza. Nimemwambia atasikia pamoja na wengine.

Jumapili, 12 Oktoba
Ole wangu. Nilisimama, nikasema Bahizire anatumia billingsgate. Watu wakatazamana. Ikabidi nieleze. Nikaeleza vizuri mno: wauza samaki wale, midomo yao, aibu yao. Kisha nikatazama safu ya akina mama. Nusu yao wametoka Uvira, na Uvira walibeba mabeseni ya ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani wakiuza! Adolphine alibeba miaka minane, mimi nikisoma mpaka chuo cha ualimu.

Kura zangu tatu. Adolphine alinyoosha mkono kumchagua Bahizire. Mlangoni kwetu ndipo Adolphine aliposema:

“Baba Séphora, ile samaki ndiyo ilikusomesha.”

Nilitamani kulia.

Jumatatu, 13 Oktoba
Bahizire kanipigia simu kunipa pole, na kwa upole kabisa. Inauma zaidi! Adolphine kanipakulia, kisha kaenda kula chumbani. Nampenda mwanamke huyu. Nimeamua kumwomba radhi hadharani, kanisani.

Séphora anasema nitamke tu sorry, nikae. Neno fupi hivyo kwa kosa kubwa hivi? Nimetafuta mwenyewe. Wana neno jingine, apology, la Wagiriki, na zamani lilikuwa hotuba ya kujitetea. Kujitetea! Nimeshaandika kurasa sita. Na safari hii nimehakikisha: kanisani kwetu hakuna Mgiriki hata mmoja.