Udongo wa Tennessee

Alhamisi, 12 Septemba

Tumekubaliana kuhama Ohio, tukalime na kufuga kuku wetu. Kilichobaki ni wapi. Mimi nataka Tennessee, kwenye shamba nililoliona katika tangazo, lenye picha ya kijito. Mke wangu, Darlene, anavutwa na Arkansas, kwa kuwa kaka yake Clifton yuko huko na ana ekari za kutuuzia, zinazopakana na zake, ua kwa ua. Clifton! Mtu anayenifundisha hata kufunga kamba za viatu. Nikihamia pale nitakuwa kibarua wake mpaka kaburini.

Darlene kasema Jumapili ataamua, tena kwa haki. Udongo wa kila jimbo utiwe kwenye chupa ya achari, maji juu, itikiswe, iachwe itulie. Tabaka zitasema zenyewe. Clifton kaja na udongo wake, na amelala kwetu. Wangu unakuja kwa posta. Nina matumaini makubwa.

Ijumaa, 13 Septemba

Kifurushi kimefika. Ole wangu. Mwenye shamba la Tennessee kaniletea kokoto na udongo mwekundu wa kufinyangia vyungu. Wa Clifton ni mweusi, unanukia mvua. Alipita jikoni, akachungulia, akauliza kama matofali nitayachoma mwenyewe. Nikacheka kwa adabu.

Mchana nikaenda duka la bustani, nikanunua mfuko wa udongo wa maua, ule bora kabisa. Huo si udanganyifu. Ni kuuvika ukweli nguo ya kutokea. Kokoto nimezimwaga kwa jirani.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumetikisa chupa mezani, baada ya mkate wa mahindi. Ya Arkansas ikatulia vizuri: mchanga chini, tope laini katikati, udongo wa mfinyanzi juu. Yangu ikagoma. Nusu yake inaelea! Na juu kabisa punje nyeupe, zile wanazochanganya kiwandani ili udongo uwe mwepesi. Clifton akainama, akaniuliza: eti shemeji, huko Tennessee mvua ya mawe inanyesha chini ya ardhi? Nikamjibu ni madini.

Darlene alikwenda kwenye gari langu, akarudi na mfuko wa udongo wa maua. Aibu niliyoipata sina pa kuiweka.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya kanisa Darlene kaniita barazani. Kasema angenifuata hata kwenye kokoto, mradi nimwambie ni kokoto. Nimelia, wala sioni haya kuandika. Nikaapa: uongo basi, mwisho leo. Ndipo mwanamke huyu wa dhahabu akasema hataamua mpaka aione Tennessee kwa macho yake. Tunaondoka Jumamosi. Bado tumo!

Nimempigia simu mwenye shamba kumpa habari njema. Kaguna, akasema kile kijito cha kwenye picha kimekauka tangu Julai. Nimemwambia asitie shaka. Mji wowote haukosi mtu wa kukodisha lori la maji kwa siku moja.