Dishi la Futi Kumi

Siku Injinia alipoiona riziki yake, riziki hiyo ilikuwa imesimama kwenye duka la ving'amuzi, imevaa shati lililopigwa pasi likakakamaa, inagombana na dada wa kaunta. Ilitaka kujua kwa nini mtu mzima alipie televisheni yake mwenyewe kila mwezi, kana kwamba amepanga chumba ndani yake. Dada wa kaunta akajibu kwa upole kwamba ndio utaratibu. Riziki ikasema yenyewe imezaliwa kupokea kodi, si kulipa kodi, ikatoka na kisirani chake.

Injinia alikuwa ng'ambo ya barabara, kwa mng'arisha viatu. Hakusubiri kiatu cha pili. Alivuka barabara kimoja kikimetameta, kingine na vumbi lake.

Inafaa tuseme mapema kwamba Injinia hakuwa injinia. Jina alipewa kwa sababu ya bisibisi aliyoichomeka daima kwenye mfuko wa shati, bisibisi ambayo tangu itoke dukani ilikuwa haijakutana na skrubu. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wenye pesa na tamaa wapunguze vyote viwili. Pesa zilipungua kweli. Tamaa, maskini, ilikuwa sugu.

"Mzee," alisema alipomfikia, "nimesikia wanavyokunyonya. Angani kuna chaneli za bure mpaka zinagongana. Wale hawataki tu ujue."

Mzee alisimama. Wapangaji wake walimwita Bwana Kodi, kwa sababu alikuwa na nyumba ya vyumba vingi iliyozunguka ua mmoja, na kila mwisho wa mwezi alipita mlango kwa mlango akikohoa. Kikohozi kile hakikuhitaji maelezo. Sasa alimtazama huyu kijana mwenye bisibisi, akauliza hizo chaneli za bure zinapatikanaje. Injinia akatazama huku na huku kama mtu anayetunza siri ya serikali, akasema jambo kama hilo halizungumzwi barabarani.

Wakaenda kulizungumza uani kwa Bwana Kodi. Katika chumba cha mbele, mkewe alikuwa akishona sare za shule, mguu haubanduki kwenye cherehani. Huyo ndiye Mama Cherehani. Kwa miaka alikuwa akidunduliza pesa kwenye kopo la maziwa ili anunue cherehani ya kudarizi, maana wateja wa nguo za harusi walikuwa wanampita wakienda kwa fundi mwingine. Alimsalimu mgeni, akamkaribisha maji, na masikio yake akayaacha uani.

Injinia aliokota kijiti akachora mchangani. Kuna dishi la futi sita, alieleza, na kuna la futi kumi. La futi sita si baya, watu wa kawaida wanalitumia. Bwana Kodi akauliza watu wasio wa kawaida wanatumia lipi.

"Mzee wangu, dishi dogo ni kama mtu anayetega sikio mlangoni. Atapata umbea wa nyumba moja. Hili la futi kumi ni sikio la mtaa mzima."

Likachaguliwa la futi kumi. Wakaja kwenye suala la bati au wavu. La bati halipitishi upepo, kwa hiyo dhoruba ikija linaweza kuondoka na paa. La wavu upepo unapita, mawimbi yanabaki. Likachaguliwa la wavu. Ikaja habari ya kichwa cha dishi, kile kidude kinachokaa mbele kupokea mawimbi. Kichwa kimoja kinatosha, Injinia alisema, ila viwili vinasaidiana. Bwana Kodi alisema hata nyumbani kwake kuna vichwa viwili. Vikaja mota ya kulizungusha dishi ili litoke setilaiti hii liende ile, waya mnene na king'amuzi kisichodai malipo, na kila mahali palipokuwa na cha bei nafuu na cha bei kali, Bwana Kodi alichagua kikali. Mtu bahili akishaamua kutumia pesa, hana breki. Hajazoea barabara hiyo.

Wala hakuwa anachagua kwa ajili ya macho yake tu. Alikuwa ameshapiga hesabu moyoni: angepitisha waya kutoka dishini hadi kila chumba cha mpangaji, kisha angewatoza wote malipo ya televisheni. Kila mwezi.

Mama Cherehani alitoka na kanda ya kupimia shingoni, akauliza swali moja: likikataa, fundi atapatikana wapi. Injinia akamjibu kwamba shemeji asiwe na wasiwasi, dishi hilo likikataa yeye atajua kabla yao. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa amesema kweli.

Dishi lenyewe alilipata kwa wauza vyuma chakavu, lilikotupwa na hoteli iliyofungwa. Kuku walikuwa wanalala ndani yake. Alilipaka rangi nyeupe, vichwa akavifuta vumbi, king'amuzi akakiokota kwenye lundo hilohilo akakipulizia marashi kidogo kiondoke harufu. Kama vilikuwa vizima au vibovu hakujua, wala hakuwa na njia ya kujua. Siku ya kufunga, mtaa mzima ulitoka kutazama. Bwana Kodi alisimama chini akielekeza kwa fimbo, kana kwamba setilaiti anaiona. Injinia aliposhuka, aliingia sebuleni, akainama nyuma ya televisheni akachomeka flashi iliyojaa vipande alivyorekodi kwa rafiki yake: mpira, taarifa ya habari, simba anakula swala, wachungaji wa nchi za baridi. Picha zikatiririka. Bwana Kodi alitokwa na machozi kwa ajili ya yule swala. Akalipa pale pale. Kodi ya mwezi ule haikutosha, akaingia chumbani akatoka na pesa zilizonuka maziwa ya unga.

Injinia alisema anakwenda kuleta gundi ya kuziba waya. Akachukua na flashi yake.

Baada ya hapo televisheni ilionyesha chenga tupu, nukta nyeupe zinazochemka. Bwana Kodi alibonyeza kila kitufe, akapata chenga za kila namna. Alikaa mbele ya kioo siku nzima, akidai mawimbi yanatafuta njia. Wapangaji walipouliza, alisema mafundi wanafanya marekebisho huko angani. Lakini Mama Cherehani alipokwenda kuweka pesa za wiki kwenye kopo, akakuta kopo linampa mwangwi, ilibidi mumewe aseme.

Hakumgombeza. Hilo ndilo lililomtia hofu Bwana Kodi kuliko kitu chochote. Mkewe alikaa kitandani amelishika lile kopo, akauliza polepole kama aliwahi hata siku moja kumwomba pesa za vitambaa. Bwana Kodi akasema hapana. Akauliza kama alijua zile zilikuwa za nini. Akasema ndiyo. Basi mkewe akanyanyuka akarudi kwenye sare zake, na mashine ikalia mpaka jioni. Bwana Kodi akaona heri aende kwa kaka yake upande wa pili wa mji, akapunguze aibu.

Alipoondoka tu, Mama Cherehani alivuka ukuta kwenda kwa mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa mkunga, nyumba yake inapakana na yao, na alikuwa na kidishi kidogo cha kawaida, kile cha kulipia. Alimweleza yote. Mdogo mtu akashauri waende polisi.

"Polisi watamtafuta wachoke," alisema Mama Cherehani. "Mtu yule haji kwa kuitwa. Anakuja kwa tamaa."

Wakahamisha king'amuzi cha mdogo mtu, wakakificha nyuma ya pazia jepesi karibu na televisheni, waya wa kidishi chake ukipitishwa juu ya ukuta chini ya bomba la maji. King'amuzi cha Injinia kikabaki mezani, kinawaka taa yake nyekundu kwa heshima zote. Rimoti waliifunga kwa nailoni na gundi ya karatasi, jinsi watu wengi wanavyofunga rimoti zao zisiingie vumbi, hata nembo haikuonekana.

Bwana Kodi aliporudi, mkewe alimwambia kwamba alipanda juu kuanika mahindi, akaligusa dishi kidogo kwa kiwiko, likaamka. Rimoti ya kwanza ikamvunjikia, akanunua nyingine sokoni, ile inayokubali kila kitu. Bwana Kodi aliwasha televisheni. Alitazama mpaka shingo ikamuuma, kisha akatoka kwenda kutangaza.

Hapo ndipo Mama Cherehani alipowapita matapeli wote wa mji ule. Tapeli anajua anadanganya, na jicho lake huwa linapepesa. Bwana Kodi hakuwa anadanganya. Alisimama kwa kinyozi, alisimama sokoni, alisimama misibani, akaapa kwa macho yake mwenyewe kwamba dishi lake linakamata dunia nzima bila hata senti ya mwezi. Siku za mpira sebule ilijaa mpaka watu wakakaa dirishani.

Habari zikamfikia Injinia akiwa ananyolewa, mtaa wa mbali. Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. Alimuuliza kinyozi hilo dishi liko kwa nani, na alipojibiwa, aliinuka na shuka la kinyozi shingoni. Ina maana alikuwa ameokota dhahabu jalalani, akaiuza bei ya bati. Wiki nzima hakupata usingizi mzuri. Alijiona ameibiwa, na mwizi ni yeye.

Alikuja mchana mmoja Bwana Kodi akiwa hayupo, akapiga hodi kwa sauti ya mtu mwenye dhamiri. Akasema alipatwa na msiba ghafla ile siku ya gundi. Mama Cherehani akampa pole, akamwuliza marehemu ni nani. Injinia, ambaye hakuwa amejiandaa, akasema ni yeye mwenyewe alikuwa mahututi.

Alikaribishwa ndani, akapewa rimoti mkononi. Akabadili chaneli mwenyewe, moja baada ya nyingine. Akazunguka uani akalitazama dishi lake kule juu, jeupe, limetulia. Akaanza kueleza kwamba kiusalama dishi kubwa namna ile halifai juu ya nyumba ya watu, na kwamba yeye kama fundi yuko tayari kulichukua na kurudisha pesa zote.

Mama Cherehani aliendelea kukata kitambaa. Alisema mumewe hataki hata kusikia, analipenda dishi lile kuliko watoto. Yeye binafsi amechoka na miguu ya watu sebuleni. Ila mwenye hoteli wa barabara kuu naye ameshauliza mara mbili.

Mwenye hoteli hakuwepo duniani, lakini alipandisha bei vizuri sana. Injinia alitoa mara mbili ya bei aliyouzia, mkasi ukaendelea kukata. Alitoa mara tatu. Mwishowe aliongeza pikipiki yake, na ndipo mkasi uliposimama.

"Ulitoe kabla baba watoto hajarudi," alisema Mama Cherehani. "Mimi nitaona cha kumwambia."

Injinia alishuka na dishi mgongoni kama kobe, akabeba na king'amuzi chake mezani, kwa mara ya kwanza bisibisi yake ikiwa imefanya kazi. Mkokoteni alioukodi ulipokata kona, king'amuzi cha mdogo mtu kilikuwa kimesharudi kwao.

Injinia alikodi ukumbi, akapanga mabenchi, akatangaza fainali ya mpira. Watu walikuja wakalipa. Walipata chenga. Walisubiri kwa adabu hadi kipindi cha kwanza kilipokuwa kimeshakwisha huko kwenye televisheni za wengine, kisha wakabeba mabenchi wakaenda nayo.

Injinia akaenda moja kwa moja kwa Bwana Kodi, amevimba kwa hasira, kudai kwamba ametapeliwa. Alimkuta uani peke yake, amenyong'onyea kama mjane. Kabla hajafungua kinywa, Bwana Kodi alimdaka kola. Alitaka kujua dishi linaendeleaje. Alisema limeuzwa nyuma ya mgongo wake, na ingawa mkewe amenunua cherehani ya kudarizi na wateja wanapanga foleni, yeye hajaonja raha tena.

Injinia alimwambia halionyeshi kitu.

"Haiwezekani," alisema Bwana Kodi. "Lile dishi halikuwa na kasoro. Nimeliangalia kwa macho yangu haya. Umelifanya nini?"

Injinia alimkodolea macho akitafuta uongo. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa uongo, angeunusa hata kwenye mvua. Hakukuwa na uongo. Kulikuwa na mzee mwenye uchungu wa kweli. Mabega yakamshuka, hasira yote ikageuka aibu, na kwa mara ya kwanza maishani alikiri jambo: kwamba huenda yeye hajui ufundi.

Bwana Kodi alimwonea huruma. Akachukua kofia yake, wakaenda pamoja.

Tangu hapo kila Jumapili wako nyumbani kwa Injinia. Mmoja yuko juu ya paa anazungusha, mwingine anapiga kelele kutoka chini kwamba ongeza kidogo, rudisha kidogo, umepita. Injinia amejiandikisha kwa fundi wa kweli, anafagia na kujifunza, maana amesema hatakufa kabla hajajua alikosea wapi. Mama Cherehani huwafungia chakula. Ni mwanamke mwenye huruma.

Mdogo wake alimuuliza juzi, wakiwa wanadarizi kola ya gauni, kama hatawaambia ukweli hata siku moja. Mama Cherehani alikata uzi kwa meno, akafikiri.

"Waache wazungushe," alisema. "Mtu akiwa juu ya paa hatapeli wala hatapeliwi."