Chambo wa Kutosha Wote

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya jiko la shangazi, nachimba minyoo. Aibu yangu ilianzia hapo. Jamani, nimeumbuka! Nimeumbuka mpaka masikio yanawaka, na naandika hapa kwa sababu nyie hamnijui sura.

"We mtoto," shangazi akauliza dirishani, "unamchimbia nani kaburi?"

"Natafuta chambo, shangazi. Tunaenda kuvua."

"Na nani?"

"Na wenzangu wa darasani."

Akatoa kichwa chote nje anitazame vizuri. Tangu nihamie kwake Chapwa, huku mpakani, mwaka jana hajawahi kunisikia nikitaja wenzangu. (Hata mimi nilishtuka kujisikia.)

Niwaeleze ilivyotokea. Baba ni dereva wa lori, sasa hivi yuko Kongo huko. Kabla hajaondoka aliniletea fimbo ya kuvulia kutoka upande wa Zambia, ile yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Akaniahidi likizo hii tutaanza na mto Songwe, tukizoea twende mpaka Mtwara tukavue baharini. Likizo imefika, baba hajafika. Fimbo imesimama nyuma ya mlango, nayo inanitazama.

Basi katikati ya wiki nikajitoa mhanga. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa, mahali ambapo sijawahi kuandika kitu zaidi ya "Amina": "Jumamosi naenda kuvua mto wa bondeni. Anayetaka twende. Chambo naleta mimi."

Nikaificha simu chini ya mto wa kitanda. Nilipoitoa, nikakuta maajabu.

Lusekelo, yule mcheshi wetu aliyetokea Ileje, kaandika: "Chambo wa kutosha wote?"

Nikajibu: "Wa kutosha kabisa!"

"Wabichi au wakavu?"

(Nikasema moyoni, huyu naye, nani anavua kwa minyoo wakavu?) "Wabichi. Nawatoa asubuhi hiyohiyo."

"Wanene?"

"Wanene balaa."

"Unawatoa wapi dada?"

"Nyuma ya jiko kwetu. Wamejaa."

Likafuata jeshi la vikatuni vya kushangilia. Hata Tumaini akaandika "Mimi naja". Tumaini! Msichana ninayekaa nyuma yake mwaka mzima, ambaye kisogo chake nakijua kuliko sura yake. Sijawahi kuongea kwa urefu ule na watu wa rika langu. Nilisoma yale majibu mpaka simu ikazima.

Basi Jumamosi nikafika mtoni wa kwanza, kopo la minyoo mkononi, nimelifunika kwa jani la mgomba wasikauke. Nikakaa. Nikajiambia hawaji.

Wakaja! Wakaja sita, na mizigo. Mmoja kabeba jiko la mkaa, mwingine sufuria ya ugali na unga. Tumaini ana kikaango, mafuta, nyanya na ndimu. Hakuna hata mmoja mwenye fimbo wala ndoano. Nikaguswa sana. Nikasema, kumbe wana imani na mimi! Wanajua nitavua mpaka washibe.

Wakawasha jiko. Ugali ukapikwa. Nyanya zikakatwa. Mimi nimesimama pembeni nafunga ndoano, natabasamu peke yangu kama mtu aliyepigwa na jua. Mafuta yalipopata moto, Tumaini akanyoosha mkono bila kugeuka, anaangalia kikaango.

"Haya, lete chambo."

Nikashangaa kidogo. Lakini ndiyo mara ya kwanza ananiomba kitu, ningekataaje? Nikampa kopo kwa mikono miwili, kwa heshima, kama natoa sadaka. Akaondoa jani. Akaingiza mkono.

Jamani, ule ukelele! Nadhani waliusikia mpaka kwenye foleni ya malori mpakani. Kopo likaruka juu. Minyoo wakaruka juu. Wengine wakatua kwenye kachumbari, wengine kwenye shati la Lusekelo, na mmoja (Mungu amrehemu) akaingia moja kwa moja kwenye mafuta. Chwaaa!

"Unataka kutulisha minyoo?" Tumaini analia, anajipangusa mkono kwenye nyasi.

"Si... si chambo? Si mlisema nilete chambo?"

"Chambo samaki!" akafoka Lusekelo. "Chambo wa Malawi! Wale wanaoletwa kuuzwa mpaka kwetu Ileje, sokoni Isongole!"

"Chambo ni cha kuvulia," nikasema. "Cha kuweka kwenye ndoano."

"Sisi tukajua mna bwawa nyuma ya jiko! Sasa mbona ulisema wanene?"

"Si wanene?"

Wote wakamtazama mnyoo mmoja aliyekuwa anatambaa juu ya nyanya. Ni kweli, alikuwa mnene.

Hapo wakaanza kucheka. Walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi, katikati ya kile kicheko, ndipo nikaelewa. Hakuna aliyekuja kuvua. Hakuna aliyekuja kwa ajili yangu. Walifuata samaki.

Wakala ugali kwa chumvi na ndimu. Mimi nikageukia maji, nikatupa mshipi, ili wasione uso. Sikupata kitu. Mto wenyewe maji yalikuwa ya magotini.

Wakati wa kuondoka Tumaini akanisogelea. Nikajua anaaga.

"Samahani," akasema. "Kwani wewe unaitwa nani?"

Mwaka mzima, jamani. Nikafungua mdomo nimtajie jina, nikachelewa.

"Anaitwa Chambo!" akapaza Lusekelo. Wakaondoka wanacheka, wanaimba hilo jina mpaka wakapotea kwenye mahindi. Nikabaki kuokota minyoo wangu mmoja mmoja. Hawakuwa na kosa.

Shangazi aliponiuliza tumepata wangapi, nilisema tumewagawana.

Leo asubuhi nimeenda kanisani kwa sababu shangazi haelewi neno "naumwa". Nikaingia nimeinamisha kichwa, nikalenga benchi la mwisho la kando ya nguzo, pangu pa siku zote.

"Chambo!"

Na mimi nikageuka! Haraka, bila kufikiri, kama mtu aliyezaliwa nalo jina hilo. Alikuwa Tumaini. Amesogea, benchi lina nafasi.

"Njoo ukae hapa," akanong'ona. "Ila kwanza fungua mkoba nione."

Nikaufungua. Biblia na leso. Akapekua mpaka chini, ndipo akanipisha.

Kwa hiyo tafadhali, kama lazima ucheke, cheka taratibu. Ndiyo kwanza nimepata pa kukaa.