Kamati ya Kumpeleka Chifu Baharini

Jumamosi, 12 Julai

Mvua nyepesi hapa Thamesmead tangu asubuhi. Mke wangu Peris ametoa makataa wakati wa chai. Ana likizo ya wiki moja tu, kuanzia tarehe 4 Agosti. Hospitali haitampa nyingine mpaka Novemba. Anataka nimtajie mahali pamoja panapokubali mbwa wawili, kabla ya Jumapili tarehe 3 kwisha. Nisipotaja, mbwa watapelekwa kwa mama anayelaza mbwa kule Plumstead, na sisi tutaenda Leicester kwa dada yake, kama mwaka jana na mwaka juzi.

Leicester! Tuna gari-nyumba lenye kitanda, jiko la gesi, sinki na mapazia. Miaka miwili mfululizo nimelala ndani yake mbele ya mlango wa shemeji, nikitazama mapipa ya taka.

Naandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Chifu ana miaka kumi na miwili. Alikuwa mbwa wa mashindano ya mbio. Ujana wake wote aliuzunguka uwanja mmoja. Hajawahi kuona bahari. Daktari wa mifugo anasema miguu ya nyuma inachoka, na kiangazi kijacho hawezi kukiahidi. Nataka kumwona akikimbia kwenye mchanga mara moja, moja kwa moja, bila kona. Peris awe kando yangu. Hilo tu.

Jioni nimekaa kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, gari liko palepale mbele ya nyumba. Nimeendesha saa nzima. Nimepita York. Karibu na Newcastle mawingu yalifunguka nikaona maji, mapana, rangi ya sufuria mpya. Kisha Karani, mbwa wetu mdogo, akatapika kwenye ramani.

Jumapili, 13 Julai

Nimepata mbinu. Nikichagua mahali peke yangu na mvua inyeshe, Peris atanikumbusha mpaka Krismasi. Kwetu mtu hazikwi wala haolewi bila kamati. Kwa nini aende likizo bila kamati? Uamuzi wa mtu mmoja una mtu wa kulaumiwa. Uamuzi wa kamati ni kama hali ya hewa.

Baada ya ibada nilimvuta Eddie kando. Eddie ni dereva kwenye karakana ya mabasi ninakopanga zamu. Hukubali kila kitu. Amekubali. Placida naye amekubali kuwa katibu. Ni Mtanzania, ana daftari la kumbukumbu alilolipiga mistari mwenyewe kwa rula, na haamini kwamba mbwa anapaswa kuingia ndani ya nyumba. Hilo la mwisho sikulizingatia.

Kizito alisikia. Kizito husikia. Ameongoza kamati tatu za mazishi na moja ya harusi, na ana mbwa, Duke, aliyehitimu mafunzo ya utii akapewa cheti. Cheti kimetundikwa sebuleni, juu kidogo ya kile cha mkewe. Kabla chai ya kanisani haijaisha alikuwa mwenyekiti. Mimi ni makamu.

Binti yangu Emma, mwenye miaka kumi na saba, aliniita tukiwa bado kwenye maegesho. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba kuna uwanja wa magari-nyumba kwenye pwani ya Kent, mwendo wa saa moja na nusu, mbwa wanaruhusiwa mpaka majini, na nafasi zipo. Alikuwa ameutafuta kwenye simu kwa dakika nne. Nikamwambia alete pendekezo hilo kwa maandishi kupitia kwa katibu.

Jumamosi, 19 Julai

Kikao cha kwanza, sebuleni kwetu, saa tatu nzima. Sala ya kufungua ilichukua dakika kumi na nane. Kizito aliwaombea wasafiri wote, wa nchi kavu, wa angani na wa majini, kila kundi peke yake.

Nilitoa hoja ya Northumberland. Nilizungumza vizuri. Nilieleza mchanga usio na nyayo, na maji yanayokupwa yakaenda mbali hata bahari ikabaki kuwa tetesi. Asubuhi mtu anafungua mlango wa gari akiwa bado na blanketi mabegani, na mbele yake hakuna mtu, hakuna pipa. Placida aliacha kuandika. Eddie alifumba macho. Nilijua nimeshinda.

Kizito akasafisha koo.

“Makamu, mbwa wako mmoja ni mzee na mwingine ni mwizi. Sasa unataka tukaaibishwe nao mbele ya watu wa kaskazini?”

Yeye anataka milimani kwenye maziwa, kwa sababu Duke anaogelea. Kura: Northumberland mbili, maziwa mbili. Wapiga kura watatu. Eddie alikuwa amekubali zote mbili. Placida hakupiga; aliomba iandikwe kwamba mbwa ana mahali pake na si kwenye ajenda. Akaiandika mwenyewe.

Karatasi ya Emma iliondolewa kwa kukosa mtu wa kuiunga mkono. Ningeweza kuiunga. Lakini ni mwanangu, ingeonekana upendeleo.

Chifu alilala juu ya viatu vya Placida tangu mwanzo. Kwenye kumbukumbu imeandikwa kwamba mjumbe mmoja alisinzia kikao chote. Eddie anadhani ni yeye.

Jumatano, 23 Julai

Niliamua kufanya jaribio, ili nipeleke matokeo kwenye kamati. Safari ya kuzunguka mtaa na mbwa wote wawili, wakipimwa utulivu. Chifu aliitazama ngazi ya gari, ngazi mbili tu, akageuka akanitazama mimi. Nikambeba. Kilo thelathini na moja. Mgongo ukalia. Karani aliingia mwenyewe, akakimbilia kiti cha mbele, akakanyaga kitufe, na milango yote ikajifunga. Funguo ndani. Mimi nje na ndara.

Nilisimama dirishani dakika arobaini. Walikuwa wamepanda kitandani. Chifu alikuwa ameweka kichwa kwenye mto wa Peris, amenyoosha miguu, na makucha yalikuwa yakitikisika kidogo kama afanyavyo akiota anakimbia. Jua la jioni lilipita kwenye pazia likampaka rangi ya asali. Nilisahau kidogo kwamba nimefungiwa nje.

Peris alirudi kutoka zamu akiwa na sare, akatoa funguo za akiba mkobani, akafungua. Hakuuliza. Alimkuna Chifu sikioni, kisha akasema polepole, “Baba Emma, wewe taja mahali tu. Mimi nitaendesha.”

Nilimweleza mchakato uko njiani. Akaingia kuoga.

Jumapili, 27 Julai

Mbinu mpya: kuongeza wajumbe. Nilileta wanne wa upande wangu, wote kutoka karakana. Kizito alileta sita. Baadaye nikagundua kwamba wawili wa kwangu ni binamu zake. Tuko kumi na wanne sasa, na tumehamia ukumbi wa kanisa. Watano kati yetu wanaogopa mbwa. Mmoja alidhani ni kamati ya mazishi akaja na rambirambi.

Hoja zikazaana. Mama mmoja akasema magari-nyumba hayatoshi watu kumi na wanne. Akapigiwa makofi. Mwingine akasema basi tukodi basi. Mwingine akasema basi likiwepo, nyama choma iwepo. Mwishoni hoja ilikuwa hii: tarehe 30 Agosti, basi la watu arobaini na tisa, kwenda kwenye bustani yenye bwawa la kuchimbwa karibu na Milton Keynes. Mbwa hawaruhusiwi kwenye basi. Wala kwenye bustani.

Nilisimama kupinga. Hapo Kizito akaniwahi. Alisema amechoka, kamati inahitaji damu mpya, na kwamba hoja ikipita kwa kauli moja angefurahi kuniachia kiti. Kazi ya mwenyekiti kuanzia sasa ni kuwapigia simu watu wa basi na kupokea malalamiko.

Wote walinitazama. Mwenyekiti!

Hoja ilipita kwa kauli moja.

Nimerudi nyumbani, nikamchukua Chifu tukatembea kando ya mto. Maji ya Thames yalikuwa yamekupwa na tope liling'aa mpaka ng'ambo. Ukifinya macho kidogo, huwezi kujua si bahari. Chifu alisimama akanusa upepo kwa muda mrefu. Nilimweleza kwamba kwa sasa tuna nguvu ndani ya kamati.

Jumapili, 3 Agosti

Makataa. Peris alikuwa akikatakata vitunguu. Aliuliza mara moja: wapi? Nilimwambia suala la mbwa limewekwa nambari saba kwenye ajenda ya Jumamosi tarehe 9, chini ya Mengineyo, na kwamba kwa cheti changu kipya, yaani cheo changu kipya, nina hakika ya kusikilizwa. Nikaomba makataa yasogezwe wiki moja.

Aliendelea kukata. Kitunguu cha kwanza, cha pili. Nikamkumbusha kwamba hata hospitalini kwao kuna taratibu.

“Sawa,” akasema.

Nimefurahi. Nilitegemea upinzani.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetoka kazini saa kumi. Gari-nyumba halipo. Mvua ilinyesha leo asubuhi, na mbele ya nyumba pamebaki mstatili mkavu wa lami, sawasawa na umbo lake. Nilisimama ndani ya mstatili huo kwa muda. Palikuwa na joto kidogo.

Ndani kimya. Vibakuli vya mbwa havipo. Emma hayupo. Kwenye friji kuna karatasi ya Peris, mwandiko wake wa kujazia fomu za wagonjwa:

“Tuko Kent, pale Emma alipopaona. Hatukwenda Leicester. Nafasi yako kitandani ipo. Treni zinakuja kila saa. Tunarudi Jumapili. Chifu bado hajashushwa majini, nimemwambia tukusubiri hadi Jumamosi mchana. Njoo.”

Nimeisoma mara sita. Nimepasi shati. Nimetoa begi.

Nimelala chali kwenye kochi jioni hii yote na kusikia bahari. Nilijua ni barabara kuu. Sikuinuka kuhakikisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Begi lilikuwa mlangoni. Nilimpigia Eddie kumwambia aniombee udhuru kesho. Eddie akakubali. Kisha akasema, kwa upole wake, kwamba Placida ametunga katiba, na kifungu cha tatu kinasema mwenyekiti akikosa kikao, kiti kinakwenda kwa makamu. Makamu ni nani? Kizito.

Nimewaza jambo hili kwa utulivu. Kikao ni saa nne asubuhi. Kikiisha saa sita, nashika treni ya saa sita na nusu, nafika saa nane. Mchana ni mchana. Saa nane ni mchana kabisa. Nimempelekea Peris ujumbe kwamba nakuja. Kama kuna mtu anayeweza kuendesha kikao kwa saa mbili, ni mtu anayepanga mabasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Sala ya kufungua niliiomba mwenyewe, dakika mbili. Kizito akainuka akasema kwamba kwa heshima ya mwenyekiti mpya angependa kuiongezea. Dakika ishirini na tatu.

Saa sita tulikuwa nambari mbili: aina ya nyama. Saa sita na nusu tulikuwa bado kwenye mbuzi. Treni yangu iliondoka wakati mama mmoja akieleza ubaya wa mkaa wa dukani. Saa nane tukawa nambari nne. Sikuweza kuondoka, kifungu cha tatu kilikuwa mezani, kimepigwa mstari kwa rula. Peris aliandika kuuliza nimefika wapi. Nikajibu: nambari nne.

Saa kumi na dakika kumi, tulipofika Mengineyo, simu ilitikisika. Video. Sekunde kumi na moja.

Mchanga, maji yako mbali. Chifu amesimama, miguu ya nyuma imepinda kidogo. Ananusa. Anageuka nyuma kama anayemtafuta mtu. Kisha anakwenda. Mwanzo anatembea, halafu anadunda, halafu yule mbwa mzee anajinyoosha mwili wote, masikio yamelala nyuma, mstari mmoja mrefu wa kijivu kwenye mchanga mrefu wa kijivu, na hakuna kona. Karani anamfuata, anaachwa. Emma anapiga kelele. Nyuma ya kamera kuna kicheko cha Peris, kile cha chini kinachoanzia tumboni. Sijakisikia tangu tuhamie Thamesmead.

Nilikuwa sijazima sauti. Ukumbi wote uligeuka. Kizito akasema kwa huzuni kwamba mwenyekiti anavuruga kikao.

Alikuwa sahihi. Nilijionya, na nikaagiza onyo liandikwe.

Jumapili, 10 Agosti

Wamerudi saa tisa. Mchanga kila mahali: kwenye sinki, kwenye viatu, kwenye manyoya ya Karani, ambaye ameiba soksi ya mtu asiyejulikana. Peris amebadilika rangi puani. Chifu alishuka ngazi mbili bila kubebwa, akanywa maji, akalala. Ananuka chumvi. Nililala sakafuni kando yake kidogo, pua kwenye shingo yake. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Peris hakunilaumu. Hilo ndilo gumu. Alinimiminia chai, akaketi, akasema Chifu anaweza kuwa na kiangazi kimoja zaidi, daktari haijui ile pwani. Kisha akasema, “Mwaka ujao nataka uwe pale, Baba Emma. Mimi na wewe na mbwa. Utakuja?”

Nilimshika mkono. Nikamwambia nitakuja. Nilimaanisha. Nimeona wazi makosa yangu, na sitayarudia: mwaka huu tulianza Julai, tulichelewa mno.

Kabla ya chakula nimeandika barua kwa Eddie na Placida. Kamati ya mwakani ianze Septemba, yenye akidi ndogo, katiba iliyorekebishwa, na kamati tatu ndogo ili kuokoa muda. Eddie amekubali tayari. Nimempendekeza Peris pia. Atakuwa mjumbe mwalikwa, bila haki ya kura.