Milango ya Bweni Yajaribiwa Ofisini

"Wananchi wa Lushoto mnatangaziwa kwamba, kuanzia leo, moshi hautaruhusiwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine bila idhini!"

Ndivyo Bwana Bartholomeo, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti Moto na Moshi wa Ndani, alivyozindua milango mipya. Na milango yenyewe ilistahili makofi: mbao nene zisizoshika moto upesi, bawaba za springi zinazoufunga mlango zenyewe, na pembeni utepe wa mpira wa kuzuia moshi. Wafadhili waliileta kwa ajili ya bweni la wasichana la sekondari moja njia ya Soni, ambako mwaka jana magodoro yaliungua na watoto wakaponea dirishani. Lakini Kamati ilikaa, ikala wali, ikaona si busara kuwapa watoto kitu kisichojaribiwa. Ikaazimia milango ifungwe kwanza kwenye ofisi za wakubwa. Ikifaulu jaribio, siku hiyohiyo ipelekwe bwenini. Jaribio halikupangiwa tarehe, kwa kuwa moto haualikwi.

Fundi Hashimu alipofika kwenye chumba cha Mwenyekiti, aliuliza mkono wa kitasa wa upande wa ndani aweke upi.

"Wa nini?" Bartholomeo alishangaa. "Mimi hufunguliwa."

Na kweli. Tangu apate cheo hakuwahi kugusa kitasa; katibu muhtasi wake, Jackline, ndiye aliyemfungulia akiingia na akitoka.

"Sawa, mkuu," alisema Hashimu, akauacha upande wa ndani mtupu.

Matokeo yalipita matarajio. Watu wa huku hawaingii kwa mtu bila kukaribishwa, na hodi zao hazikupenya ule mpira. Wakawa wanabisha, wanangoja kuambiwa "karibu", wanakaa benchi. Ripoti ikaandika kwamba malalamiko ya wananchi yamekwisha. Bartholomeo akajipongeza, ingawa moyoni upweke ulianza kumtafuna.

Mama Filomena, mkulima wa kabichi na mwakilishi wa wazazi wa shule ile, hakukosa benchini kila siku ya gulio.

"Nimefuata milango yetu," alimwambia Jackline.

"Iko kwenye majaribio, mama."

"Na watoto wetu, wao wako kwenye nini?"

Jackline akaenda kunywa chai.

Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio. Mle ndani Bartholomeo alikuwa na jiko la mkaa karibu na meza, na kwa kuwa alikanyaga tope getini, alivua soksi akazianika kando ya jiko, kisha akasinzia kikazi. Alipozinduka, soksi zilikuwa zinawaka na kapeti la plastiki linazifuata.

Akamwagia chai ya kwenye chupa. Moto ukazimika, moshi ukanenepa. Ukatafuta pa kutokea, mpira ukakataa. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari ili ukungu usiingie, kwa agizo lake. Simu ilikuwa mezani kwa Jackline ikichajiwa. Akaupapasa mlango juu hadi chini, asipate pa kushika. "Mwenyekiti wa Moshi anakufa kwa moshi wa soksi zake," alijiambia, na angecheka kama asingekuwa anakohoa. Aliogopa kweli. Akaanza kugonga kwa ngumi.

Nje, Jackline akiwa tena kwenye chai yake, waliokaa benchini walisikia du, du, du.

"Mtu anabisha hodi," alisema mzee Aron, mmoja wa waliokuwa wakingoja.

"Karibu!" benchi zima likaitikia kwa adabu.

Du, du, du.

"Karibu, pita!"

"Huyu mbona anakaribishwa na haji?" aliuliza Filomena.

"Labda anaona haya."

"Mkubwa gani wa hapa anaona haya?" Filomena akainuka, akashika kitasa, akavuta.

Bartholomeo akaanguka koridoni, pekupeku, uso umejaa masizi, moshi ukimfuata.

"Shikamoo, mama," alisema, kabla hajakumbuka cheo chake.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana." Akampa ncha ya kanga ajifute, akamngojea amalize kukohoa. "Sisi huku nje hatukusikia hata harufu. Hebu tuambie, mlango umefaulu au umefeli?"

Akili ya kiofisi ikamchemka. Akisema umefeli, yeye ndiye aliyeupokea na kuuzindua kwa hotuba. Akisema umefaulu, azimio la Kamati linajulikana. Wote benchini walikuwa wamesimama wakimtazama. Akazitazama ngumi zake zilizochubuka, akawafikiria wale wasichana usiku, wakigonga. Akaona haya, haya ya kweli, siyo ile ya kwenye hotuba.

"Umefaulu," alisema.

"Basi siku hiyohiyo ni leo," alisema Filomena. "Na vitasa viwekwe pande zote mbili."

Bartholomeo alianza kueleza utaratibu wa kuomba gari na kikao cha kuidhinisha bisibisi, lakini Hashimu, aliyeitwa kutoka ofisi ya jirani, alikuwa tayari anafungua bawaba. Mlango ukashuka. Ulikuwa mzito ajabu, na mzee Aron akaushika peke yake upande wa juu.

"Mwenyekiti, shika huku chini," alisema Filomena. "Ndiko kuzito."