Faili Iliyo Wazi kwa Wote

Jumatatu, 3 Februari
Nimechoka na wiki haijaanza. Kampuni yetu ya maji hapa Kitengela inatafuta mkuu wa kompyuta. Tunaoitaka kazi hiyo ni wawili: mimi Mulwa, miaka sita kwenye kiti kinacholia, na Mukai, miezi minane na cheti kipya. Mukai huchelewa. Sava, kompyuta kuu ya ofisi, inajua. Kila anayeingia kwenye mfumo huandikwa jina na saa katika faili ya kumbukumbu, ambayo ni sisi wawili tu tunaoweza kuifungua. Leo nimeilegeza. Ofisi nzima inaweza kuisoma, hata kuiandika. Kuchagua ruhusa moja moja ni kazi, nikaweka tiki kila mahali. Wajionee!

Jumanne, 4 Februari
Wamejionea. Wakati wa chai hakuna aliyemtaja Mukai. Hodo wa kaunta akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama Madam anajua ana safari. Sikuelewa. Nikafungua faili. Mungu wangu! Asubuhi, kabla ya chai, mimi huandika paswadi mahali pa jina. Sava hukataa, kisha huhifadhi nilichoandika, herufi kwa herufi. Mwezi mzima umo humo: SyokauAendeBisil. Mstari unaofuata, jina langu. Saa nne na robo. Syokau ndiye meneja wetu, Madam mwenyewe. Bisil ndiko ofisi yetu ndogo kabisa, chumba kimoja karibu na soko la mbuzi.

Jumatano, 5 Februari
Nilienda kufuta ile mistari. Nikakuta wenzangu wameshaanza kuandika yao. Eti Mukai aliingia Jumapili saa za kanisa. Eti Dalmas, mlinzi wa geti asiye na kompyuta, ameingia mara arobaini. Hakuna anayejua tena lipi ni kweli. Madam anataka kuniona Ijumaa. Ninaona aibu hata kwenda msalani.

Ijumaa, 7 Februari
Barua ya kunifukuza ilikuwa mezani, nimeiona kwa macho yangu. Nina watoto watatu shuleni. Niliogopa sana. Madam akauliza kama yale maneno ni yangu. Kabla sijajibu, Mukai (Mukai!), aliyeitwa pia, akasema kwamba faili ambayo kila mtu anaweza kuiandika haithibitishi chochote, na kwamba hata mwizi akiingia leo hatutamjua. Madam akaikunja barua. Akampa Mukai ile kazi papo hapo. Mimi akanipa Bisil.

Jumatatu, 10 Februari
Bisil. Vumbi, mbuzi, kompyuta moja, sava chini ya meza. Mukai amepiga simu kuniagiza nifunge faili zote za kumbukumbu. Nikaitikia vizuri. Lakini nimewaza. Ile ya Kitengela ingekuwa imefungwa, leo ningekuwa nyumbani bila kazi. Basi za hapa nimezifungua zote, na za mita za wateja pia. Paswadi mpya ninayo: MukaiAendeMashuuru, huko nyikani. Sava imeikataa mara mbili asubuhi hii. Sijanywa chai bado.