Kura za Jengo la Wasichana

Jumapili, 5 Novemba 2017, Riyadh
Mwaka wa kwanza wa maandalizi ya sheria, na tayari chuo kinaihitaji akili yangu. Kuna kesi ya kuigiza Jeddah, dhidi ya chuo cha huko. Darasa litapiga kura kumchagua wakili mkuu. Mpinzani ni Geoffrey peke yake, mtu wa kusoma vitabu. Mzee wangu, anayefanya kazi maabara ya hospitali, amesema nisipong'ara Jeddah nahamia uhasibu. Mimi, uhasibu!

Jumanne, 7 Novemba
Wasichana ndio wengi. Wana jengo lao, na masomo wanayafuata kwa kamera. Wao wanatuona, sisi hatuwaoni. Baada ya kipindi nimemweleza rafiki yangu Paul mpango, palepale darasani. Nitawalilia. Nitasema Geoffrey huyacheka maswali yao. Nikafanya mazoezi, kwikwi kamili, machozi ya mate. Paul akauliza ile taa nyekundu juu ya ubao ni ya nini. Nikamwambia asinipotezee wakati.

Jumatano, 8 Novemba
Kamera ilikuwa inawaka! Wasichana walikuwa wamekaa wakisubiri kipindi chao. Leo Ruqayya wa Zanzibar amesema kwenye kipaza sauti, mwalimu akisikia, kwamba kaka Japheth analia vizuri sana, ila apunguze mate. Mwalimu akasema halas, yametosha, tupige kura. Geoffrey ameshinda. Hata Paul amempigia! Mimi nimepewa nafasi ya mshtakiwa, mwizi wa gari. Kazi yangu ni kukaa kimya. Nimemwambia Mzee kesi nzima inanihusu mimi. Si uongo.

Alhamisi, 16 Novemba, Jeddah
Mzee alikuja na tai, pamoja na Wakenya wenzetu wa mtaa wa Al-Mahjar aliowaalika. Geoffrey alitetea vizuri, kwa namna ya kuchosha. Hakuna aliyenitazama. Mzee akaanza kupiga miayo. Nikasimama! Nikaieleza mahakama nilivyoliiba gari, kwa nini, na magurudumu niliyauza wapi. Ufasaha mtupu. Jaji akanishukuru, akafunga kesi. Tumeshindwa. Kwenye ndege ya kurudi Mzee ameniombea kiti cha mbali naye. Niliona aibu, nakiri. Kidogo.

Jumapili, 19 Novemba, Riyadh
Siku ya kwanza ya uhasibu. Mzee alinifikisha mwenyewe hadi mlangoni. Kiongozi wa darasa ni Dominic, mpole, mchapakazi, anapendwa na kila mtu. Kiti chake nitakikalia kabla ya mwezi kuisha. Nimeanza kumwonea huruma.